Nilivyoukamata mkanda wa eleveta uliokuwa ukivuta upande

Kinu ninachofanyia kazi kiko eneo la viwanda la Themi, hapa Arusha. Mashine iliyokuwa ikininyima usingizi ni eleveta inayopandisha mahindi kutoka shimo la kupokelea, kwa ndoo zilizofungwa kwenye mkanda. Konveya, ile inayosafirisha mahindi juu ya mkanda ulio wazi, haina siri: mkanda ukihama, mahindi yanamwagika sakafuni na hata mfagizi anakuita. Eleveta imefungiwa ndani ya bati. Mkanda unaweza kusugua ukuta zamu nzima, na wewe uliye nje huoni kitu.

Humo ndani kuna vumbi la mahindi, na vumbi hilo likitimka hewani makumi ya gramu tu kwa mita ya ujazo yanatosha kulipuka yakikutana na joto kali. Desemba 1977, huko Westwego, Louisiana, ghala la nafaka lililipuka na watu 36 wakafa. Miaka kumi baadaye, 1987, Marekani ikatoa kanuni za maghala ya nafaka: kimsingi eleveta ya ghala kubwa iwe na kifaa cha kutambua mkanda uliohama, na kingine cha kuzima mashine mwendo ukishuka kwa asilimia 20. Nilimweleza bosi. Akanijibu, "Fundi, hiyo sheria ya Marekani. Sisi tuko Themi."

Sikubishana naye. Nikaanza na kitu kisicho na gharama: rangi nyeupe.

Tulizima swichi kuu, tukaipiga kufuli, ufunguo ukakaa mfukoni mwangu. Nikafungua kidirisha cha ukaguzi, nikapaka rangi kiungo cha mkanda, pale ncha zake mbili zinapounganishwa, kisha nikafunga kidirisha kwa plastiki ngumu inayoonyesha ndani. Tukawasha eleveta tupu, nikakaa kuangalia ukingo wa mkanda.

Mzee wetu wa zamu alikuja na spana mkononi. "Kijana, mkanda ukivuta kushoto, unakaza kushoto. Nimefanya hivyo tangu hujazaliwa."

"Ni kweli, Mzee. Ila naomba utazame ile nyeupe ikipita."

Na kweli kanuni yake ni sahihi. Mkanda huukwepa upande uliokazwa zaidi, kwa hiyo ukikaza upande unaoelemea, unarudi katikati. Lakini hiyo ni dawa ya puli, yaani gurudumu linalobeba mkanda, iliyokaa vibaya, na dalili yake ni mkanda kuganda karibu na ukuta mmoja mzunguko mzima. Wa kwetu ulikuwa unakwenda vizuri, kisha kila rangi ilipopita ukingo unaruka kushoto na kurudi. Ugonjwa ulikuwa kwenye kiungo. Kilikatwa mshazari, na spana zote za Arusha zisingekinyoosha. Mzee aliitazama ikipita, ikapita tena, akaiweka spana chini. "Basi tukate," akasema.

Tulipokata upya hatukupima kutoka ukingoni, kwa sababu ukingo wa mkanda wa zamani umelika na unadanganya. Tulitafuta katikati ya upana sehemu kadhaa, tukapiga mstari, ndipo tukaweka gaji ya pembe mraba juu ya mstari huo. Shafti ya juu tuliipima kwa pimamaji, ilikuwa sawa.

Mkanda ukatulia. Lakini siwezi kukaa dirishani kila zamu, kwa hiyo nikarudi kwa bosi, safari hii na vipande vya mpira vilivyochunwa ukingoni. Akatoa pesa.

Tulifunga sensa za aina ya kugusa joto: kipande cha shaba nyeupe chenye kipima joto ndani, kinachopenya kwenye bati usawa wa ukingo wa mkanda. Mkanda ukikisugua kinapata joto, kengele inalia. Tuliziweka jozi juu na jozi chini, kushoto na kulia, maana mkanda hauchagui upande. Sensa ya mwendo, ile ya kuzima mashine mkanda ukipungua kasi, tuliifunga kwenye shafti ya chini. Wengi huiweka juu kwa kuwa ni rahisi kufikia nyaya, lakini puli ya juu inazungushwa na mota: mkanda ukiteleza, puli inaendelea kuzunguka na sensa inaripoti kila kitu kiko salama. Ya chini inavutwa na mkanda wenyewe. Na zote ziwe zimeidhinishwa kwa sehemu zenye vumbi linalolipuka. Sensa ya kawaida ya dukani usiiingize humo.

Kwenye paneli, kengele inatangulia, na joto likiendelea kupanda eleveta inazima. Konveya inayoilisha lazima izime nayo, la sivyo mahindi yanajaa chini na utashinda unachota kwa koleo.

Sasa kila Jumatatu, kabla ya kazi kuanza, Mzee ndiye anayezijaribu sensa na kuandika kwenye daftari. Eleveta ya pumba bado ina rangi na kidirisha tu. Bosi amesema msimu wa mahindi uishe kwanza.