Hatua sabini za dalali

Jumamosi ya nne hii natafuta shamba. Nataka eka mbili tu, nijenge kibanda, nifuge kuku, nipande mihogo na minazi michache. Bei za jirani na Dar zimenishinda, leo nikaenda hadi Bagamoyo, upande wa bonde la Ruvu.

Dalali akasema eka ni hatua 70 kwa 70, akaanza kuhesabu. Jamaa ni mfupi, halafu anatembea kama bibi harusi. Bahati nzuri nilibeba futikamba: hatua zake 70 zilitoa mita 44. Yaani "eka" yake haifiki hata nusu eka!

Udongo mweusi, umepasuka nyufa za kuingiza mkono. Mzee mmoja mwenye shamba la pili nikamwamkia shikamoo, nikamuuliza masika pakoje. "Marahaba mwanangu. Masika hapo tunavua kambare."

Dalali akageuka kuangalia simu.

Mzee kanielekeza kijiji cha juu, kwenye mwinuko. Jumamosi ijayo naanzia kwa mtendaji wa kijiji na majirani wa mipaka. Dalali baadaye, tena nauli ajilipie.