Mita 1,500 ndani ya dakika nne

Mwaka 1996, kwenye ubao wa matangazo wa shule yetu ya sekondari huko Mbulu, palikuwa na karatasi iliyosema kwamba mwanafunzi mmoja wa kidato cha nne, kijana wa miaka 17, amekimbia mita 1,500 kwa 3:57. Sote tuliamini. Kisha akahamia mwalimu mpya wa michezo. Aliazima tepu ya chuma ya mita 50 kwa mafundi waliokuwa wakijenga maabara, akatuita tulioshiriki riadha, tukaupima uwanja. Mzunguko tuliokuwa tukiuita mita 400 ulikuwa na mita 391.

Hesabu aliifanya palepale, kwa kijiti, kwenye vumbi. Mita 1,500 ni mizunguko mitatu na robo tatu. Kila mzunguko ukipungua mita 9, mwisho wa mbio zimepungua karibu mita 34, na kwa kasi ile mita 34 ni zaidi ya sekunde tano. Zile 3:57 zikawa 4:02.

"Kwa hiyo nilikimbia bure, Mwalimu?" kijana aliuliza.

"Hukukimbia bure. Ulikimbia mita 1,466. Sasa tuzitafute hizo 34 zilizobaki."

Kazi ya kwanza ikawa kuchora uwanja wa kweli. Kila upande ulionyooka tuliupa mita 84.39. Kwenye kona ndipo wengi hukosea. Uwanja wenye ukingo ulioinuka hupimwa sentimita 30 nje ya ukingo huo, kwa sababu mkimbiaji hawezi kuubana zaidi ya hapo, na nusu kipenyo cha ukingo ni mita 36.50. Uwanja wa nyasi wenye mstari wa chokaa tu hupimwa sentimita 20 nje ya mstari. Ukitumia 36.50 kwenye mstari wa chokaa, kila mzunguko unapungua zaidi ya nusu mita. Mwalimu akachagua 36.60. Tulipigilia kigingi katikati ya kila nusu duara, tukafunga waya, tukachora. Kamba ya katani aliikataa: ikivutwa hurefuka, ikilowa umande hujikunja, na kosa la sentimita 10 kwenye nusu kipenyo ni kosa la sentimita 63 kwa mzunguko.

Kwa watu wa upande ule mita 1,500 si mbio za kigeni. Filbert Bayi alizaliwa Karatu, jirani kabisa. Tarehe 2 Februari 1974, kule Christchurch, New Zealand, aliongoza kuanzia mwanzo hadi mwisho, akaweka rekodi ya dunia ya 3:32.16. Hiyo ni zaidi kidogo ya sekunde 14 kwa kila mita 100. Sisi tulihitaji 16. Dakika nne ni sekunde 240; gawanya kwa 15, unapata 16 kamili. Mstari wa mwisho ungepitwa kwa 48, kisha 1:52, kisha 2:56, kisha 4:00. Namba hizo nne tulizikariri kama sala.

Mwalimu alikuwa na hoja moja aliyoirudia kila siku: mbio hizi hupotea katika mzunguko wa kabla ya mwisho. Mwanzoni damu inachemka na mwishoni mstari unaonekana. Pale katikati hakuna kinachokuvuta, pumzi imeshakuwa nzito, na miguu hupunguza kasi bila kukuomba ruhusa. Aliandika darasani nyakati za kila mzunguko za Roger Bannister, siku alipokuwa mtu wa kwanza kukimbia maili ndani ya dakika nne, Oxford, tarehe 6 Mei 1954: 57.5, 60.7, 62.3, 58.9. Akapiga mstari chini ya 62.3. Kisha akatutajia Jim Ryun wa Marekani, mwanafunzi wa sekondari wa miaka 17, aliyeimaliza maili kwa 3:59.0 mwaka 1964 akiwa wa nane katika mbio zile. Nadhani alitaka kijana wetu ajue kwamba adui ni saa, na kwamba hata wa nane anaweza kumshinda.

Mazoezi yalijengwa juu ya ile 16. Jumanne: mita 300 mara nane, kila moja kwa sekunde 48, na katikati mita 100 za kukimbia polepole, bila kusimama. Ijumaa: mita 500 mara tatu kwa sekunde 80, mapumziko dakika sita. Siku nyingine ni mbio ndefu za taratibu za dakika 40 hadi 50 kwenye njia za vilima. Aliyekimbia mita 300 kwa 45 hakusifiwa, aliambiwa arudie. Ilikuwa lazima mwili uitambue 16 bila saa, kwa hiyo mara kwa mara tulikimbia mita 200, tukataja muda tuliodhani, ndipo tukaonyeshwa. Baada ya wiki kadhaa kijana yule alikuwa akikosea kwa nusu sekunde tu.

Mimi nilikuwa wa mita 800, nikapewa kazi ya kumvuta, yaani kukimbia mbele yake ili ashike kasi. Wengi hudhani anayevuta kasi ni yule mwenye mbio kali. Anayefaa ni yule ambaye kasi hiyo haimuumizi mapema, maana akianza kuhema hubadilisha hatua, na aliye nyuma yake hubadilika naye. Kijana alitakiwa awe mita moja hadi moja na nusu nyuma yangu, bega lake likielekea kulia kidogo, aone mbele na asikanyage visigino vyangu. Kwenye kona asitoke nje hata kidogo. Ukikimbia mita moja nje ya njia yako kwenye kona unaongeza zaidi ya mita tatu, na mbio hizi zina kona saba. Hesabu hiyo peke yake inatosha kukula sekunde tatu na nusu.

Siku ilichaguliwa wakati wa kipupwe, saa moja na nusu asubuhi. Mbulu iko juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na hewa nyembamba tayari inakudai kitu katika mbio za urefu huu. Hatukutaka kuongeza na upepo, ambao huku huamka jua likipanda. Ubaya wa asubuhi ni umande. Viatu vya misumari vilikuwa vya kuazima, na misumari yake mifupi iliteleza kwenye kona, kwa hiyo tukafunga ya milimita 12. Uji kikombe kimoja saa kumi na moja alfajiri, basi. Kupasha mwili moto: robo saa ya kukimbia polepole tukiwa na masweta, kunyoosha viungo, kisha mikimbio minne ya mita 80, ya mwisho ikiwa dakika kumi kabla ya kuanza. Ukipasha mapema mno kwenye baridi ile, unaanza mbio umeshapoa.

Bendera nne zilisimikwa, moja kila mita 100. Mwalimu alisimama katikati ya uwanja, ili sauti ya filimbi isafiri umbali unaokaribiana hadi kila bendera, na alipuliza kila sekunde 16. Filimbi ikilia uwe kwenye bendera. Ukiwa umeipita, umekwenda mbio mno. Ukiwa hujaifikia, unadaiwa.

Bastola ya kuanzishia hatukuwa nayo. Mwanafunzi mmoja alishika vibao viwili akavigonga juu ya kichwa. Mstari wa kuanzia mita 1,500 uko ng'ambo ya uwanja, zaidi ya mita 70 kutoka kwa wenye saa, na sauti huchukua karibu sehemu mbili za kumi za sekunde kufika huko. Walimu watatu walioshika saa waliagizwa wabonyeze kwa kuona vibao vikigongana. Anayengoja mlio anampunguzia mkimbiaji muda ambao ameutumia.

Tulianza vizuri, pengine vizuri mno. Mita 300 tulipita kwa 47.0, sekunde nzima mbele, nami nikalegeza kidogo sana, kwa sababu kulegeza kwa ghafla ni hasara kuliko ile sekunde. Mita 700 zikawa 1:51.5. Nyuma yangu nilisikia pumzi yake, hatua mbili kuvuta, hatua mbili kutoa, kama alivyofundishwa. Kwenye mita 900, mahali kona inapoanza, nilitoka kulia ili njia ya ndani ibaki yake, naye akapita. Nikakata katikati ya uwanja kwenda kwenye mstari wa mwisho.

Nikiwa njiani filimbi ya mita 1,000 ililia. Alikuwa hajaifikia bendera. Zilibaki kama mita tatu. Ukafika ule mzunguko tulioonywa tangu mwanzo. Mabega yalikuwa yamepanda, na mikono imeanza kukata mbele ya kifua badala ya kwenda mbele na nyuma. Mwalimu hakumwambia aongeze mbio. Alipaza sauti: "Mikono chini! Mikono!" Mtu aliyechoka akiambiwa aongeze, hukaza shingo na kufupisha hatua. Akiambiwa ashushe mikono, ana jambo moja analoweza kulifanya.

Kipande cha rimu ya gari kiligongwa kwa mzunguko wa mwisho. Mita 1,100: 2:56.8. Alikuwa anadaiwa sehemu nane za kumi za sekunde, sawasawa na mita tano. Mita 200 zilizofuata alikimbia kwa 31.9, deni likapungua kidogo tu. Kisha kwenye kona ya mwisho, akibana mstari wa chokaa, alilipa zaidi ya nusu yake: filimbi ya mita 1,400 ilimkuta mita mbili kabla ya bendera. Sote tulikuwa tunapiga kelele, na wapishi walikuwa wametoka jikoni. Alivusha kiwiliwili juu ya mstari, na filimbi ya dakika nne ikalia.

Mwalimu alikataza mtu kuonyesha saa yake kabla ya kuandika. Karatasi tatu zilikuja: 3:59.71, 3:59.88, 3:59.93. Saa za mkono husomwa kwa sehemu za kumi, na kinachozidi hupandishwa juu, hakishushwi kamwe. Kwa hiyo 3:59.8, 3:59.9 na 4:00.0. Saa tatu zikitofautiana zote, muda rasmi ni ule wa katikati. Kijana alikuwa amelala chali kwenye nyasi, na mwalimu akarudia mara mbili ili asikie vizuri: tatu, hamsini na tisa, nukta tisa.

Nilifurahi siku ile kuliko nilivyowahi kufurahia mbio zangu mwenyewe, na bado naona muda ule ni mkubwa kuliko ule wa 3:57, kwa sababu ulikuwa wa mita 1,500.

Jioni tulizipanga nyakati za kila kipande: 47.0, 64.5, 65.3, 63.1. Mwalimu aliizungushia 65.3 duara la kalamu nyekundu. Jumanne iliyofuata hatukukimbia mita 300. Tulikimbia mita 700 kwa 1:52, tukapumzika sekunde 30 tu, kisha kijana akakimbia mita 400 kwa 64, mikono chini, peke yake, bila mtu wa kumvuta.