Yai kwa Yai

Mwaka 2017 nilikuwa na wanafunzi 68 wa kidato cha pili, na wote waliijua kanuni ya tatu ya Newton: kitu kikikisukuma kingine kwa kani, yaani nguvu, nacho husukumwa kwa kani sawa kuelekea upande wa pili. Ungemwamsha yeyote usiku wa manane, angekukariria kwa Kiingereza bila kukosea neno. Nami nilijivunia.

Likizo ya Juni nilisoma habari za Eric Mazur, mwalimu wa fizikia pale Harvard. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 aliwapa wanafunzi wake maswali ya dhana ya mwanafizikia David Hestenes na wenzake, maswali yasiyo na hesabu hata moja, na vijana waliozoea kukokotoa mambo magumu wakajikwaa. Akabadili ufundishaji: swali kwanza, kila mtu achague jibu lake, abishane na jirani, kisha wachague upya. Nikasema moyoni, hao ni wake, wangu wanajua.

Shule ilipofunguliwa nikaandika ubaoni: lori la mchanga limegongana uso kwa uso na bajaji. Nani kampiga mwenzake kwa kani kubwa zaidi? Kidole kimoja, lori. Viwili, bajaji. Vitatu, sawasawa. Nikawaambia wafumbe macho, vidole vikae kifuani.

Kidole kimoja. Kimoja. Kimoja, mpaka ukutani. Vitatu nilivihesabu mara mbili: watu watano. Yule anayeongoza darasa hakuwamo.

"Haya, bishaneni na jirani. Kwa Kiswahili."

Shuleni ilikuwa Kiingereza tu, na nilijua ninavunja sheria. Darasa likawa kama stendi. Nyuma kabisa, binti ambaye sauti yake niliisikia wakati wa kuita majina tu alikuwa amesimama, anamkoromea mwenzake. Kwao wanauza chipsi mayai.

"Ukigonga yai kwa yai si linapasuka moja? Lile zima ndiyo limepiga zaidi? Yamegongana! Lililopasuka ganda lake jepesi, basi!"

Kwa bajaji ningeongeza habari ya tungamo, yaani wingi wa maada uliomo kwenye kitu: kani ni ileile, ila chombo chepesi ndicho kinachorushwa. Lakini mfano wa yai lile nisingeweza kuufikia.

Kelele zilimleta mwalimu wa taaluma dirishani, akidhani darasa halina mwalimu.

"Wanagombania nini?"

Nikamweleza.

"Si lori, jamani?" akasema.

Nikamwita yule binti aje dirishani.