Kinjō, Kaneshiro, Kanagushiku: kusoma jina la ukoo la Okinawa

Wengi wanaotafuta nasaba ya Okinawa huanzia kwenye jina la ukoo, na hapo ndipo wanapopotea. Jina hilo lilikuwa la mahali kabla ya kuwa la damu. Katika Ufalme wa Ryukyu, uliotawala visiwa hivi kabla ya Japani, ofisa aliitwa kwa eneo alilokabidhiwa. Akipewa jingine, jina nalo lilibadilika. Ndugu wa baba mmoja waliweza kuwa na majina mawili, na watu wasio na udugu wowote wakashiriki moja.

Kwa koo za maofisa, damu ifuate kwenye herufi ya kwanza (kanji, herufi yenye asili ya Kichina) ya jina binafsi la mwanamume, iitwayo nanuigashira. Matawi ya nyumba ya kifalme ya Shō yalitumia 朝, chō. Ndiyo maana magwiji wa karate Motobu Chōki na Kyan Chōtoku wana majina tofauti ya ukoo lakini shina moja. Tazama herufi, usitegemee sikio: Miyagi Chōjun naye ana chō, ila yake ni 長.

Chukua 金城. Kwa Kiokinawa ni Kanagushiku, na gushiku ni ngome. Okinawa leo wengi husema Kinjō; Hawaii, walikofika wahamiaji wa kwanza mwaka 1900, utakuta Kaneshiro; Peru na Brazili, Kanashiro. Kwa hiyo tafuta kwa herufi. Nazo pia ziliguswa: watawala wa Satsuma, jimbo la kusini mwa Japani, walioivamia Ryukyu mwaka 1609, waliagiza mwaka 1624 majina yenye sura ya Kijapani yabadilishwe. Maeda, 前田, likawa 真栄田. Sauti ilibaki ileile.

Wakulima hawakuwa na jina rasmi la ukoo hadi baada ya Japani kuutwaa ufalme mwaka 1879. Kijijini walijulikana kwa yagō, jina la nyumba. Waulize wazee hilo kwanza. Pale penye nyumba nyingi za Kinjō, ndilo linalozitofautisha.

Rejista za familia, koseki, kwa sehemu kubwa ya kisiwa kikuu ziliteketea katika vita vya 1945, zikaandikwa upya baadaye kwa kumbukumbu za walionusurika. Tarehe za zamani humo zinahitaji ushahidi wa pili. Ushahidi huo mara nyingi ni tōtōmē, vibao vya wahenga vya madhabahu ya nyumbani: safu ya juu wanaume, ya chini wanawake. Omba ruhusa, kisha piga picha ya kila kibao pande zote mbili, maana tarehe ya kifo mara nyingi iko nyuma. Na ukivirudisha mahali pake, hakikisha mpangilio haukuvurugika, kwa sababu mpangilio huo wenyewe ni nasaba.