Nyanya za darini: amoniamu, asidi na vifusi vya matumbawe

Ndoo zangu za nyanya hapa darini zimeachana kabisa. Zinazolishwa CAN, mbolea ya kalsiamu, amoniamu na naitreti, zinapendeza, maana nusu ya naitrojeni ya mbolea hiyo ni naitreti. Zinazolishwa salfeti ya amonia peke yake, ambayo naitrojeni yake yote ni amoniamu, zimedumaa: majani ya chini yana manjano pembeni, na mche nilioung'oa una mzizi mkuu mfupi uliojaa vitawi. Ajabu ni kundi la tatu. Lina salfeti ileile, kipimo kilekile, ila mchanga wake nimeuchanganya na vifusi vya matumbawe nilivyopewa na mafundi wanaokarabati nyumba ya jirani. Hizo zinakaribia kulingana na za CAN.

Mjomba alipanda darini, akatazama, akasema, "Mbolea imezidi hiyo, mwanangu. Punguza." Sikumbishia. Lakini kama ni kuzidi tu, mbona zenye vifusi hazikudumaa?

Nimekuwa nikisoma yanayotokea ndani ya mzizi. Amoniamu huingizwa na protini ziitwazo AMT, ambazo hukaa tatu tatu. Amoniamu ikizidi nje, kimeng'enya CIPK23 hubandika fosfati kwenye mkia wa protini hizo, na mkia mmoja tu ukibandikwa, zote tatu huziba. Katika Arabidopsis, mmea mdogo wanaoupenda watafiti, mahali penyewe panajulikana: ni kwenye treonini, asidi amino iliyo ya 460 katika mnyororo wa protini AMT1;1. Hiyo ndiyo kinga ya kwanza, na haitoshi, kwa kuwa amoniamu inafanana na potasiamu kwa ukubwa na kwa chaji, nayo hupenya kwingine.

Mwaka 2001 watafiti Britto, Kronzucker na wenzao walilinganisha shayiri na mpunga. Shayiri huachia amoniamu nyingi iingie, kisha huisukuma nje kwa gharama kubwa ya nishati, kama baharia anayefua maji ya ngama usiku kucha huku chombo kinavuja. Mpunga hauna taabu hiyo. Sishangai: mashamba ya mpunga ya Tana hujaa maji, oksijeni ikapungua, na udongo wa namna hiyo hubakisha naitrojeni ikiwa amoniamu.

Kilichonigeuza mawazo ni kazi ya Hachiya na wenzake wa Japani, 2021. Walichukua mimea iliyopungukiwa na GS2, kimeng'enya cha plastidi, vijisehemu vya ndani ya seli za mmea, kinachounganisha amoniamu na glutamati kupata glutamini. Mimea hiyo ilikusanya amoniamu nyingi zaidi, lakini ikastawi kuliko ya kawaida! Basi sumu haikuwa amoniamu yenyewe iliyolundikana. Kuiunganisha kupita kiasi huzalisha protoni, chembe za hidrojeni zinazoleta asidi, na seli huingiwa na asidi. Walipopunguza asidi ya chakula cha mimea, madhara nayo yakapungua.

Hapo ndipo vifusi vinapoingia. Matumbawe ni kalsiamu kaboneti, nayo hula asidi. Mzizi unaomeza amoniamu hutema protoni nje, na karatasi za pH, yaani za kupimia asidi, zinaonyesha hivyo: maji yanayochuruzika kutoka ndoo za salfeti tupu yamekuwa na asidi kali, ya ndoo zenye vifusi yametulia karibu na 7, yaani hayana asidi wala alkali.

Wengine wamenishauri nitie jivu la vifuu. Sitii. Jivu lina potasiamu na pia hupandisha pH, na potasiamu peke yake hupunguza madhara ya amoniamu; nikilitia sitajua kipi kilichosaidia.

Lipo shaka lingine, nalo ni zito. Bakteria wanaogeuza amoniamu kuwa naitreti hufanya kazi vizuri zaidi pasipo na asidi. Huenda vifusi havikuponya mizizi hata kidogo, vimewapa tu bakteria mahali pazuri, na nyanya zangu zinakula naitreti kimyakimya. Nimeagiza vijikaratasi vya kupimia naitreti, vile vya wafuga samaki, vije na boti ya Mokowe. Vikionyesha naitreti nyingi kwenye kundi la tatu, nitalipanda upya kwa mchanga uliochemshwa ili kuua bakteria hao.