Siku moja maishani mwangu: mimi ndiye ninayepanga mipira ya pool

Saa 1 asubuhi. Ukumbi mtupu, nawasha taa za juu ya meza moja baada ya nyingine. Watu wakisikia kwamba kazi yangu ni kupanga mipira kwenye mashindano, huuliza ninalipwa kwa lipi hasa, maana kwao kupanga ni kutupia mipira kwenye pembetatu, kuisukuma mbele na kuondoka. Naandika haya kwa ajili yao. Katika mchezo wa mipira tisa, ambao mipira ina namba moja hadi tisa na hupigwa kwa kufuata namba, anayepasua vizuri, yaani anayeitawanya mipira iliyopangwa kwa pigo la mpira mweupe, anaweza kumaliza gemu nzima huku mpinzani wake yuko kitini, hajagusa hata chaki. Na kama pigo hilo la kwanza litamfaa au litamtupa, sehemu kubwa ya jibu iko vidoleni mwa aliyepanga.

Kwanza naosha mipira. Kila mmoja una kipenyo cha milimita 57.15, na uzito unaokubalika ni kati ya gramu 156 na 170. Mpira uliojaa chaki na mafuta ya mikono hung'ang'ania mwenzake pale ulipotakiwa kuteleza. Seti mbili sizichanganyi kamwe, kwa sababu mpira uliolika ukikaa katikati ya mipya, mwanya unaobaki kati yao hauzibiki kwa ufundi wowote.

Halafu napiga brashi kitambaa, na kwenye alama ya kupangia ndipo ninapokaa. Kwenye meza ya futi 9 alama hiyo iko sentimita 63.5 kutoka ukingo wa chini, ule ulio mbali na anayepasua. Mpira namba moja, ule wa mbele kabisa, hukaa hapo kutwa nzima na kupigwa hapohapo, kwa hiyo kitambaa hubonyea. Ukisimama huoni kitu. Pitisha ncha ya kidole utahisi. Mpira ukiangukia kwenye kibonyeo hicho hujivuta kidogo kutoka kwa wenzake, na hicho kidogo kinatosha kuharibu gemu. Wapo wanaougonga kwa mpira mwingine ili utulie. Kanuni hazipendi kabisa tabia hiyo, zinataka brashi, na ninaziunga mkono: kila unapogonga unazidi kuchimba shimo lilelile unalolikimbia.

Saa 3 ni kikao kifupi cha waamuzi. Tunatumia pembetatu ya mbao, refa ndiye anayepanga, na mshindi wa gemu ndiye anayepasua inayofuata. Mtu aliuliza kwa nini tusitumie ile karatasi laini ya plastiki yenye matundu, ambayo mipira hukaa juu yake ikabanana bila shida. Ni kifaa kizuri na huondoa lawama nyingi. Tatizo ni kwamba hubana mno. Mipira ikishikana sawasawa, ule wa ubavuni huelekea shimo la kona karibu kila mara, na mchezaji makini akishajua hilo hana haja ya nguvu. Mwaka 2001, kwenye fainali ya US Open ya mipira tisa, Corey Deuel alimfunga Mika Immonen 11 kwa 0 akitumia pigo la taratibu la kupasua. Hakuvunja kanuni yoyote. Alisoma meza kuliko wengine. Ndiyo maana leo baadhi ya mashindano yana sharti kwamba angalau mipira mitatu iingie shimoni au ivuke mstari wa juu, ule wa upande wa anayepasua, ili mtu asipasue kwa kubembeleza.

Kuanzia saa 4 hadi saa 7 ni kuinama, kukusanya, kupanga, kuinua pembetatu na kurudi nyuma. Mechi mbili zimeisha bila mtu kulitaja jina langu, na kwangu hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko zote.

Kabla sijafika kwenye mechi iliyonilia mchana wangu, lazima nieleze wizi wa kwenye kupanga, maana asiyeujua atadhani tunagombana bure. Pale ambapo wachezaji wanapangiana wenyewe, hila ya kwanza ni kuacha mwanya nyuma ya namba moja. Namba moja inatakiwa iguse mipira yote miwili iliyo nyuma yake. Ikiachana nayo, nguvu ya mpira mweupe haipiti moja kwa moja hadi mwisho wa almasi, yaani umbo la mipira tisa ikishapangwa, mipira hujikusanya katikati, na aliyepasua anajikuta hana cha kupiga. Hila ya pili ni kuipinda almasi nzima kidogo upande mmoja, njia ya mpira wa ubavuni ikabadilika. Ya tatu ndiyo inayoniudhi zaidi kwa sababu haionekani kama kosa: mtu anajipangia, namba moja mbele na tisa katikati kama inavyotakiwa, ila mbili na tatu anaziweka kila mara mahali palepale anapojua zitaishia karibu na shimo. Kanuni zinataka mipira mingine yote iwekwe bila mpangilio wa makusudi. Mimi naitoa mashimoni, naiingiza kwenye pembetatu kwa mfuatano ambao mkono umeikuta, kisha naihamisha moja na tisa tu.

Saa 8 mchana, meza ya tatu. Mmoja ni mrefu, anapasua kwa nguvu, jina lake linatangulia popote anapocheza. Mwingine ni kijana mtulivu. Mrefu anashinda gemu ya kwanza, kwa hiyo anapasua. Nabana mipira kwa vidole, naisukuma hadi namba moja itulie kwenye alama, naitoa pembetatu. Anakuja, anainama, anawasha tochi ya simu.

"Refa, kuna mwanya nyuma ya moja."

Ulikuwepo kweli, kitambaa kilishaanza kuchoka. Napiga brashi, napanga upya. Kukagua ni haki yake na sina kinyongo na hilo. Anainama tena. Safari hii mwanya anaouona uko mkiani, kwenye mpira wa mwisho kabisa, ambao madhara yake kwa pigo lake ni madogo sana. Napanga tena. Anainama tena, na sasa anataka kunyoosha mkono.

"Usiguse, kaka."

"Nakuonyesha tu. Hii mbili ingekaa huku."

Hapo ndipo nilipomwelewa. Mwanya haukuwa shida yake. Alitaka mbili ikae ubavuni, na alitaka muda upite. Yule kijana alikuwa ameketi, fimbo mapajani, mkono unapoa. Mchezaji akikaa muda mrefu bila kupiga, pigo lake la kwanza huwa zito, na kila anayecheza kwa pesa au kwa heshima anajua hivyo. Kijana hakulalamika, alinitazama tu. Kutazamwa vile kunachosha kuliko kelele.

Ikawa hivyo gemu baada ya gemu. Akishinda, tochi inawaka na mgongo unainama, "hebu rudia, refa." Alipopoteza gemu na zamu ya kupasua ikaenda kwa kijana, akabadilisha wimbo: "Mbona yake umeibana namna hiyo?" Mikono ni ileile, mipira ileile, brashi ileile. Watu waliokaa nyuma yake wakaanza kunong'ona kwamba ninampendelea mdogo. Niliusikia uso ukiwaka, lakini refa akijibu mashabiki, mechi imeshamtoka mkononi. Nikasimamisha mchezo nikawaita wote wawili mezani.

"Mnasikia wote. Anayepasua atakagua mara moja, kwa macho, bila kugusa. Akiona mwanya kwenye namba moja au kuizunguka tisa, nitarudia. Baada ya hapo anapiga. Asipopiga nitahesabu ni uchezaji wa polepole, na hilo ni kosa kama makosa mengine."

Mrefu akasema, "Kwa hiyo nikubali mpango mbovu?"

"Ukiwa mbovu nitaurudia. Ukiwa mzuri utapiga."

Akanyamaza, nami nikamwacha anyamaze. Gemu iliyofuata alikagua, akatikisa kichwa, akapasua. Namba moja ikaingia shimo la kati, akapiga tatu mfululizo, akakwama kwenye namba tano. Kuanzia hapo mechi ikawa mechi. Alishinda yeye, na alistahili, kwa sababu kwenye gemu za mwisho alikuwa akiuweka mpira mweupe vizuri kuliko kijana. Kijana akaja kunipa mkono. Mrefu hakuja, na sikumtegemea.

Saa sikuitazama tena baada ya hapo. Jioni iliingia nikiwa nimeinama. Kazi hii huanza kukuumiza kiunoni, halafu nyuma ya magoti, halafu kwenye vidole gumba vinavyobana mipira kutwa. Hatari yake ni kwamba uchovu hupanga kama mwizi anavyopanga: pembetatu unaiinua haraka, mpira mmoja unarudi nyuma kidogo, na mchezaji asiye na hatia analipa. Kwa hiyo ninavyozidi kuchoka ndivyo ninavyozidi kwenda polepole. Kila almasi niliichungulia kutoka mbele, kisha kutoka kila ubavu, nikitafuta mwanga unaopenya kati ya mipira. Nikiuona, narudia bila kuambiwa, hata kama mpasuaji amenigeuzia mgongo anapaka chaki.

Mechi ya mwisho ilipoisha nilimfuata mkurugenzi wa mashindano na mambo mawili. La kwanza, kwamba utaratibu wa kukagua usomwe kwa wachezaji wote kabla hawajashika fimbo, usisubiri ugomvi. Alikubali. La pili, kwamba tisa ndiyo ikae kwenye alama badala ya moja, kama baadhi ya mashindano makubwa yanavyofanya siku hizi. Almasi nzima husogea juu, mpira wa ubavuni hauitazami tena kona moja kwa moja, na nusu ya vishawishi vya kuchezea mpango hupungua. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Na wale waliotolewa leo?" Alikuwa sahihi. Walitolewa kwa mpango wa namna moja, na huwezi kuwapa waliobaki mpango mwingine katika shindano lilelile. Tukakubaliana tisa isubiri shindano lijalo, na alama ya meza ya tatu nibandike mpya kesho saa 1, kabla mtu hajapiga hata mpira mmoja wa mazoezi.