Hizi PhD za heshima, nani huwa anakataa?

Msimu wa mahafali ukifika hukosi kukutana na picha ya mkubwa fulani kavaa joho, chini wameandika "hongera Dokta", na huko kwenye komenti moto ushawaka, ooh kasoma lini huyu. Jamani hajasoma, ndo maana ikaitwa ya heshima. Hakuna tasnifu wala kukaa mbele ya jopo, chuo kinaangalia umeifanyia nini jamii, vikao vinapitisha, unavalishwa. Mama Samia alipewa na UDSM Novemba 2022, mwaka uliofuata JNU ya India nao wakampa. Magufuli alikuwa nazo zote mbili, ile ya kemia aliyoisotea UDSM akaimaliza 2009 na ya heshima aliyopewa na UDOM 2019. Kwa hiyo kupewa sio dhambi.

Mimi ninachojiuliza ni kwenye hivyo vikao nani ana ubavu wa kukataa, hasa jina lililoletwa mezani likiwa la mtu anayeshika bajeti ya chuo chenyewe.

Chuo cha Oxford, Uingereza, mwaka 1985 lilipelekwa jina la Margaret Thatcher, waziri mkuu wao yuko madarakani, tena kasoma hapo hapo, na mawaziri wakuu waliosoma Oxford tangu vita ya pili walikuwa wanapewa kama kawaida tu. Walimu walikuwa na hasira naye kwa kubana hela za elimu, wakapiga kura, 738 wakakataa na 319 wakakubali, akakosa. Unaweza kusema roho mbaya, sawa, ila aliyepewa pale mwaka uliofuata alijua kabisa kwamba angeweza kunyimwa. Chuo cha Edinburgh nao, hukohuko Uingereza, walimpa Mugabe wa Zimbabwe 1984, 2007 wakamnyang'anya. Chuo cha MIT cha Marekani ndo hawana habari hizo kabisa, hawatoi kwa yeyote.

Halafu kuna hizi za ukumbi wa hoteli, taasisi ina jina refuuu la kimataifa, darasa hata moja haina, unalipia "ada ya ushiriki" jioni unarudi nyumbani Dkt., kesho yake bango la ofisi limeshabadilishwa. Hizo sina hata la kusema. Vyuo vingi vya nje hata ile halali wanakwambia usiitangulize mbele ya jina, huku kwetu mshereheshaji akiisahau tu kwenye harusi watu wananuna.

Siku hizi nikitambulishwa kwa Dokta namuuliza tu, wa chuo gani na wa fani gani. Wengine wanachukia, wachukie.